Matundu ya Spinachi

Siku ya nne tangu wazee saba waanze kutapika wakiwa bado mezani, na mmoja wao, fundi saa mstaafu, kukata roho kabla gari la wagonjwa halijafika kwenye makao yao, kilichokuwa kinamkera Inspekta hakikuwa sumu. Sumu alishaelezwa. Mkemia wa maabara alimtajia jina lake refu, akamwambia ni dawa ya kuulia wadudu, ilipulizwa siku moja au mbili kabla ya mboga kuvunwa, na hata kama mpishi angeziosha mara tatu asingeokoa mtu. Kilichomkera ni bei. Spinachi zile zilikuwa na lebo ya kijani iliyoandikwa "Kilimo Hai, Mkulima Namba 17", na fungu moja makao ya wazee yalilinunua kwa bei ambayo sokoni ungepata mafungu mawili na nusu.

"Mtu analipa zaidi ili asilishwe sumu, halafu analishwa sumu hiyo hiyo," alimwambia mkewe akifunga kamba za viatu.

"Mimi hujawahi kuninunulia hata hiyo yenye sumu," mkewe alijibu.

"Spinachi ni spinachi, mama."

"Kayaseme hayo huko uendako, uone utakavyojibiwa."

Alikokuwa anakwenda ni kwa Namba 17 mwenyewe. Huyu alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, watu wakimwita Mama Mboji kwa sababu ya malundo ya majani na samadi aliyoyageuza nyuma ya nyumba yake mwaka mzima. Polisi walimwachia kwa dhamana baada ya kumlaza mahabusu. Cheti chake cha kilimo hai kilikuwa kimesimamishwa, na Ijumaa jalada lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka. Kama hadi siku hiyo hakuna jina jingine ndani ya jalada, atakayepanda kizimbani kwa kifo cha fundi saa ni yeye, na shamba lililomlisha miaka kumi na moja litakuwa limekwisha. Inspekta alilijua hilo, na Mama Mboji alilijua vizuri zaidi.

Alimkuta amechuchumaa katikati ya matuta, yeye na mkaza mwana wake, kila mmoja na kisu kifupi mkononi, wanang'oa magugu.

"Habari za kazi, mama."

"Kazi ipo, mnunuzi ndiye hayupo," Mama Mboji alisema bila kuinuka. "Karibu upekue. Wenzako juzi walifunua mpaka sufuria ya chai."

Inspekta alipekua. Stoo ilikuwa na majembe mawili, ndoo, magunia, wavu wa kufunikia miche na pipa la mkojo wa ng'ombe lililomfanya atoke nje kuvuta pumzi. Alinusa kila ndoo. Alichimba kidogo kando ya ukuta, mahali ambapo mtu angemwaga masalio ya dawa akidhani hakuna anayemwona. Akapanda juu ya mawe kutazama upande unakotoka upepo, maana dawa ya jirani nayo huruka. Jirani wa upande huo alikuwa mfyatua matofali, hana mmea hata wa kivuli. Inspekta aliandika hayo yote kwenye kijitabu chake, akarudi kwenye matuta na swali lililomtoa nyumbani.

"Hebu niambie, mama. Spinachi yako ina nini hasa mpaka iwe ghali hivyo?"

Mama Mboji alimtazama viatu, akapanda hadi usoni. "Vua koti. Chuchumaa hapa."

"Niko kazini, mama."

"Na mimi pia."

Akavua koti. Alipewa kisu na kipande cha tuta kisichozidi hatua mbili. Dakika ishirini baadaye kiuno kilikuwa kinamwambia habari zake, na mkaza mwana alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Afande, umeng'oa spinachi, magugu umeyaacha yanakucheka."

"Muache, anajifunza," Mama Mboji alisema. Kisha akamgeukia. "Mwenye dawa anapuliza mara moja, anakwenda zake kunywa chai. Mimi tuta hili nalirudia mara tatu kabla halijavunwa. Lile pale limelala, nimepanda kunde za kuozea humo humo, sivuni kitu, udongo upumzike. Lile la pembeni nimewaachia wadudu washibe huko wasinijie huku. Mboji inakaa miezi minne ndiyo iive. Mkaguzi akija, nauli juu yangu. Na kabla sijapewa hicho cheti nilikaa miaka mitatu nikilima kwa tabu hii hii na kuuza kwa bei ya kawaida, kwa sababu udongo ulikuwa bado haujasafika. Bei unayoiuliza ndiyo hiyo, umeichuchumalia sasa hivi. Na usidhani inanitajirisha."

Inspekta alijinyoosha polepole. Alikuwa akihesabu kichwani. Matuta manane, mawili hayatoi kitu, mikono minne, na tuta moja linakula siku nzima.

"Kwa wiki unatoa kiasi gani?"

"Kreti kumi, nikijaliwa."

Akafungua kijitabu. "Dukani walikonunua wazee zimeingia arobaini kwa wiki. Zote Namba 17. Wiki tatu mfululizo."

"Arobaini?" Mkaza mwana alisimama wima. "Hata tukiwavunia na magugu yenyewe hazifiki."

"Nani anazipeleka dukani?"

"Bwana Kijani," alisema Mama Mboji. "Ana banda la kufungashia mjini. Anakuja na gari, anachukua kreti, kufunga kwake, lebo kwake. Sisi wakulima wadogo gari la kubebea kreti kumi tutalitoa wapi?"

Inspekta alipiga mstari chini ya jina hilo. Alipokuwa akivaa koti, Mama Mboji alimfuata mpaka getini, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Viwavi wameingia," alisema kwa sauti ya chini, mkaza mwana asisikie. "Nyavu ninazo mbili tu, na wa kuninunulia mboga za bei yangu hayupo mpaka cheti kirudi. Kama kitarudi. Nakuuliza kitu kimoja. Kuna ninachokisubiri? Nikijua kipo, nitajikaza. Nikijua hakipo, basi nifanye kama wenzangu wote, nipulize, niuze bei ya sokoni, tule."

Inspekta tayari alikuwa na wazo. Kama shamba hili halikuwahi kuguswa na dawa ile, udongo wake ungeonyesha. Lakini sampuli ya udongo huchukuliwa kwa kushtukiza. Wakili akigundua kwamba mwenye shamba aliambiwa mapema, inatupwa nje ya mahakama siku hiyo hiyo, na Inspekta alishawahi kupoteza kesi kwa uzembe wa namna hiyo. Ilimuuma kumwona mama wa watu anasubiri neno, lakini aliumeza huo uchungu kama alivyofundishwa.

"Mambo ya upelelezi hayasemwi, mama."

"Haya," alisema Mama Mboji, akafunga geti.

Jumatano asubuhi Inspekta alikuwa maabara, mbele ya jokofu la vielelezo. Fungu lililobaki jikoni kwa wazee lilikuwa humo ndani ya mfuko, limeanza kunyong'onyea. Mkemia, dada mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, alilitandaza juu ya sinia la chuma. Kando yake Inspekta aliweka jani alilochuma kwa Mama Mboji.

"La mama lina matundu, na haya yana matundu," mkemia alisema. "Yote yameliwa na wadudu."

"Hilo ndilo wanalotaka tuseme. Tazama la mama. Kiwavi amezunguka mshipa wa katikati, hakuukata, mgumu. Kingo zimekauka na kubadilika rangi. Na huyu mshenzi amejisaidia hapa." Akaonyesha vidoti vyeusi kwa ncha ya kalamu. "Sasa haya ya lebo. Tundu limepita katikati ya mshipa, moja kwa moja. Kingo mbichi. Safi kuliko kola yangu."

Mkemia aliinama. Akachukua rula ndogo, akapima tundu moja, la pili, la kumi. "Kuna saizi tatu tu," alisema taratibu. "Hakuna ya nne."

Inspekta alisogelea sinia. Alichukua majani sita, akayapanga moja juu ya jingine, akayasogeza kidogo kushoto, kidogo kulia, kisha akayainua kwenye mwanga wa dirisha. Matundu yalilingana. Mwanga ulipenya kupitia majani yote sita kwa pamoja.

"Kiwavi gani huyo anayekula majani sita kwa mpigo, mahali pamoja?"

"Yametobolewa yakiwa fungu," mkemia alisema, na kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze alitabasamu. Halafu tabasamu likamtoka. "Lakini Inspekta, matundu hayaui mtu. Haya yanaonyesha kuna anayemhadaa mteja. Hayaonyeshi sumu ilitoka shamba gani."

"Na udongo?"

"Udongo ndio. Dawa hii inang'ang'ania kwenye udongo kwa miezi. Nikichota kwa mama nikakuta hamna, basi spinachi zilizoua hazikutoka kwake, na hakuna wakili wa kunipinga. Kibali kitasainiwa kesho asubuhi. Tutakwenda mimi na wewe, bila taarifa."

Hapo kwa kweli Inspekta alipaswa kurudi ofisini, anywe chai yake, asubiri kesho. Badala yake alifunga safari hadi bandani kwa Bwana Kijani.

Banda lilikuwa refu, bati juu, saruji chini, maji yakitiririka kila mahali. Wanawake kumi na wawili walisimama mbele ya meza ndefu. Upande mmoja kreti zilikuja bila lebo, spinachi zake pana, zinang'aa, hazina kasoro hata moja. Upande wa pili zilitoka na lebo ya kijani. Katikati alisimama mama mmoja mnene, redio ndogo ikiimba pembeni yake, anapiga mafungu kwa kitu kilichometameta.

"Shikamoo, mama. Hicho ni nini?"

"Marahaba. Si antena hii, ya redio iliyokufa." Akamwonyesha bila wasiwasi wowote. Ilikuwa imekatwa vipande vitatu, kinene, cha wastani na chembamba, vyote vimenolewa mdomo. "Zamani tulikuwa na kimoja tu. Mimi ndiye nilisema jamani, wadudu hawalingani ukubwa, tuwe navyo vitatu. Bosi akafurahi sana."

"Na mafungu unayatoboa moja moja?"

"Jani moja moja nitamaliza lini, mwanangu?"

Mwenyewe alikuja kabla ya kuitwa. Shati la kijani, saa ya mkanda wa kijani, hata bazoka aliyokuwa akiitafuna ilikuwa ya kijani. Alimkaribisha Inspekta ofisini, akamvutia kiti, akamuuliza habari za nyumbani.

"Ndiyo tunatoboa," alisema bila kupepesa macho. "Mteja akiona jani zima, anasema hili limepuliziwa. Akiona tundu, anafungua pochi. Sikumuumba mimi."

"Mmetoboa spinachi za dawa, mkazibandika namba ya mama wa watu."

"Au tumetoboa za huyo huyo mama, zenye dawa yake mwenyewe. Nazo zikija safi mno tunazitoboa. Wewe unajuaje?"

"Analeta kreti kumi. Wewe umeuza arobaini kwa jina lake."

"Nina wakulima tisa, Inspekta. Lebo za wengine ziliisha, wafungaji wakabandika za kumi na saba. Kosa la lebo. Lina faini, na hiyo faini naweza kuilipa leo kabla sijala mchana." Alitafuna kidogo. "Unajua kwa nini hizi mboga ni ghali? Kwa sababu wapo watu kama yule mama, wanaopalilia kwa vidole. Nawaheshimu. Lakini ningewategemea wao peke yao, lile duka lingefungwa. Watu wanataka nyingi, wanataka kila siku, wanataka na roho zao zitulie. Hivyo vitu vitatu shamba moja halitoi."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mtu amekufa."

"Na mimi nimesikitika. Lakini huna kitu."

Miaka kumi na tisa kazini Inspekta alishakaa mbele ya wezi, wauaji na wanasiasa, akajifunza kwamba anayenyamaza ndiye anayeshinda. Aliyajua hayo. Lakini ile sauti laini, ile bazoka, na lile neno "huna kitu" vilimshinda.

"Lebo unabandika, jani unatoboa," alisema akisimama. "Lakini udongo wa yule mama hujaugusa. Udongo utasema."

Bwana Kijani aliacha kutafuna. "Ahaa. Mnapima udongo."

Inspekta hakujibu, ila kutojibu wakati huo hakukusaidia. Bwana Kijani alimsindikiza hadi nje kwa adabu zote, akamfungulia mlango wa gari, akamtakia kazi njema.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, kibali kikiwa mfukoni na mkemia akiwa kiti cha nyuma na sanduku lake la chupa, waliingia barabara ya vumbi ya kwa Mama Mboji. Harufu iliwapokea kabla ya geti. Ilikuwa kali, inawasha macho, na mkemia aliijua mara moja. Alishusha kioo, akakipandisha, akashika bega la Inspekta kutoka nyuma.

"Simamisha gari," alisema.

Mama Mboji alikuwa kwenye tuta la saba. Mgongoni alibeba bomba jipya la kupulizia, la plastiki, la rangi ya kijani, na usoni alijifunga kitambaa. Mkono mmoja ulikuwa unapampu, mwingine unapeleka mrija kushoto na kulia juu ya majani. Alifanya polepole, kwa uangalifu ule ule wa kung'oa magugu. Mkaza mwana hakuwepo shambani. Alikuwa amekaa kizingitini, amewapa mgongo.

"Mama!" Inspekta alipiga kelele. "Mama, acha!"

Akaacha. Akateremsha kitambaa.

"Karibu. Usikanyage huko, kumelowa."

"Nani amekupa hilo?"

"Bwana Kijani. Amelileta mwenyewe jana jioni, bomba na dawa yake, bure. Akasema mama, mimi nakuonea huruma, cheti ndiyo kimeshaondoka hivyo, hakirudi, viwavi watakumaliza. Pulizia. Nitakuja kuchukua za kawaida, nitakulipa za kawaida." Aliinua mabega kidogo, bomba likainuka nayo. "Usiku kucha nimelia. Alfajiri nikaanza."

Mkemia alikuwa amechuchumaa kando ya tuta la kwanza. Alichota udongo kwa kijiko, akaunusa, akautazama, akaumwaga.

"Chini zaidi?" Inspekta aliuliza. "Huko chini si pasafi?"

"Amemwagilia maji baada ya kupuliza. Imeshuka nayo. Hata ningekuta kidogo, nani ataniambia ni ya leo au ya mwezi uliopita?"

"Na hili la mwisho, ambalo hajalifikia?"

"Upepo, Inspekta." Akafunga sanduku, akaenda kusimama karibu na gari.

Lilibaki wazo moja, na Inspekta alilishika kwa mikono miwili. Kama Bwana Kijani ameleta dawa jana, basi kuna siku aliyoileta, na siku hiyo ni baada ya kifo. Mahakama ingepaswa kusikia hilo.

"Mama, ulipopokea, ulitia sahihi mahali?"

"Nilitia. Alisema ni taratibu za bandani. Nakala ninayo." Aliingiza mkono kifuani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Miwani yangu ilivunjika kule mahabusu, sikuweza kuisoma, lakini pale pa sahihi nilipaona."

Inspekta aliikunjua. Bomba moja la mgongoni. Lita mbili za dawa, na jina lake refu. Mpokeaji, Namba 17. Sahihi ya Mama Mboji ilikuwa wazi, kubwa, ya mtu asiyekuwa na cha kuficha. Tarehe iliandikwa kwa wino mwingine. Ilikuwa ya wiki tano zilizopita.

Aliisoma mara mbili. Alitaka kuichana, na hilo nalo lisingesaidia, kwa sababu ile halisi ilikuwa bandani.

"Kuna nini?" Mama Mboji aliuliza.

Akamwambia. Safari hii hakuficha kitu. Alimweleza kwamba alikuja kuchota udongo, kwamba ungekuwa safi, kwamba ungemtoa kizimbani na kumrudishia cheti, na kwamba sasa udongo ni shahidi dhidi yake, pamoja na karatasi hii. Mama Mboji alisikiliza akiwa amesimama vile vile, mrija unadondosha matone kwenye udongo kando ya mguu wake.

"Ulijua hilo la udongo Jumanne?"

"Nilijua."

"Nilipokuuliza pale getini."

"Nilijua, mama."

Alitikisa kichwa kidogo, kama anayepokea bei asiyoweza kuipinga. Kisha akauliza jambo ambalo Inspekta aliomba asilifikie.

"Na Bwana Kijani alijuaje?"

Mkaza mwana aligeuka pale kizingitini. Inspekta alijisikia aibu ambayo hakuwahi kuijua katika kazi yote aliyoifanya, na hakuona pa kuiweka.

"Nilimwambia mimi."

Mama Mboji hakulia, wala hakumtukana. Ingekuwa nafuu kama angemtukana. Alitazama matuta yake saba yaliyolowa, akatazama la nane.

"Hili lililobaki nimalizie, au niliache?"

Inspekta alianza kuikunja ile karatasi. Mama Mboji alimtazama mpaka akamaliza mkunjo wa nne. Akapandisha kitambaa puani, akapampu mara tatu, akaingia kwenye tuta la nane.